Shylock na Ubatizo wa Mahakamani

Makala hii inahusu Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius K. Nyerere ya tamthilia ya William Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1969. Wengi huikumbuka kwa habari ya mkopo: dukati 3,000, muda wa miezi mitatu, na ratili moja ya nyama ya mwili wa mdhamini. Lakini kwa mchungaji, lililo zito kuliko nyama hiyo limo katika sehemu ya nne, nalo ni ubatizo.

Kwanza jina lenyewe. Kwa Kiingereza tamthilia yatajwa kwa mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, Mkristo. Mwalimu aliandika "mabepari", kwa wingi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Wingi huo haumwachi nje Mkristo yeyote wa Venisi: si Antonio mwenye merikebu, wala Bassanio atafutaye mke tajiri ili alipe madeni. Shylock mwenyewe huwakumbusha mahakamani kwamba wao nao wana watumwa waliowanunua. Hata hivyo, msomaji wa harakaharaka aweza kuondoka na neno moja tu, kwamba Myahudi na bepari ni kitu kimoja. Na hilo ni kosa la zamani sana.

Tukumbuke kwamba Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, wala hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1656 hivi. Shakespeare aliandika kati ya 1596 na 1598, akiwaandikia watu ambao wengi wao hawakupata kumjua jirani Myahudi. Hali yetu hapa Akheri na miteremko ya Meru haiko mbali na hiyo: Wakristo wengi humjua Myahudi kwa Biblia na kwa maigizo tu.

Sasa tuje mahakamani. Shylock ameshindwa. Anasamehewa uhai, lakini Antonio anaweka sharti kwamba awe Mkristo mara moja, na Mtawala anaongeza kwamba akikataa, msamaha utafutwa. Gratiano anafanya mzaha juu ya wasimamizi wake wa ubatizo. Huenda watazamaji wa siku zile waliona hiyo kuwa rehema. Sisi je? Hakuna mafundisho, hakuna swali la imani. Mzee yeyote wa usharika angeuliza ni nani aliyemfundisha mtu huyu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 28, lasema maaskofu watumie Neno, wasitumie nguvu za kibinadamu; hapa twaona sakramenti ikitolewa kama faini.

Hatuna budi kuangalia pia nyumba yetu wenyewe. Mwaka 1523 Luther aliandika kwa upole kwamba Yesu alizaliwa Myahudi. Mwaka 1543 akaandika akitaka masinagogi yachomwe moto. Miaka 400 baadaye, mwaka 1943, Werner Krauss alimwigiza Shylock jijini Vienna chini ya utawala wa Nazi, naye akamfanya kichukizo. Wajumbe wa Kilutheri waliokutana na Wayahudi Stockholm mwaka 1983 waliyakataa maneno hayo ya Luther. Rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni wakati huo alikuwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba.

Kwa hiyo vijana wanapoandaa igizo la Ijumaa Kuu, waulizwe ni akina nani wanaopiga kelele ya Mathayo 27:25, na kwa nini "Wayahudi" wamewekwa upande mmoja, ilhali Yesu, Mariamu na Petro wamevikwa kana kwamba wao si Wayahudi.

Na kama ni Mabepari wa Venisi, kiongozi wa mchezo afikiri sana jinsi Shylock atakavyotoka. Anasema hajisikii vizuri, anaomba aende zake na hati ifuatishwe nyumbani ili aitie sahihi. Sehemu yote ya tano inaendelea bila yeye, penye mbalamwezi na muziki. Wala hatuambiwi kama alipata kubatizwa.