Wino na Karatasi kwa Mwana Hashima

Wajukuu zangu, mwalimu akikwambia insha yako haina hisia, usikimbilie kujaza alama za mshangao. Nisikilizeni kwanza habari za Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate.

Mwaka 1858 alikuwa mjane. Mumewe, Bwana Mataka aliyetawala Siu, alikuwa amekwisha kufa, na yeye mwenyewe maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Akamwita binti yake, Mwana Hashima, akamwambia asogee, alete wino na karatasi, akae.

Ndivyo unavyoanza utendi aliomtungia binti huyo. Una beti mia hivi, na ndani yake yamo mambo ya kila siku: adabu, usafi wa nyumba, namna ya kuishi na mume. Mengine mnaweza kubishana nayo leo, nami sitawazuia. Lakini sikilizeni sauti. Mtu mzima mwenye afya angeamrisha tu. Huyu anabembeleza. Anajua huenda hatapata siku nyingine ya kusema, ndiyo maana haanzi na mafunzo. Anaanza kwa kumvuta mtoto karibu. Kisha, mawaidha yakiisha, hanyamazi. Anaingia kwenye dua ndefu, anamwomba Mungu amponye, anamkabidhi wanawe. Hofu ya mama ndiyo iliyopanga kipi kitangulie na kipi kirudiwe.

Tazameni na hili: maumivu yote yale hayakuvuruga utungo. Kila kipande kina mizani nane, na kina cha mwisho wa ubeti ni kilekile tangu mwanzo hadi tamati. Mimi naona vina vile vilimshika mkono.

Mtaniuliza, basi lazima niandike nikiwa bado nalia? Charles Dickens wa Uingereza hakuweza. Mei 1837 shemeji yake Mary Hogarth, msichana wa miaka 17, alifariki ghafla nyumbani kwake London. Dickens alikuwa akiandika hadithi mbili za kutoka kila mwezi; zote mbili akazisimamisha. Huzuni ilikaa. Mapema mwaka 1841, alipofika mahali ambapo msichana Nell anakufa katika hadithi nyingine, alimwandikia rafiki yake kwamba akikifikiria kisa kile huona kama Mary amefariki jana. Wasomaji walikuwa wamemtumia barua kumsihi Nell asife. Akafa, nao wakamlilia, wengi wao bila kujua kwamba kulikuwa na Mary.