Nguvu za Hidrojeni Hupimwa Mzigo Unapozidi

Usiku usio na mbalamwezi, Ziwa Tanganyika mbele ya Rumonge, katika mwambao wa Burundi, hung'aa mfano wa mji. Taa hizo ni za wavuvi. Mwanga huvuta ndagala na mukeke karibu na uso wa maji, kisha wavu ulioshushwa chini huinuliwa. Zamani wavuvi walitegemea karabai za mafuta ya taa. Siku hizi zipo taa za betri. Vyombo vyao vikubwa, vyenye mitumbwi iliyounganishwa, vimejulikana kwa jina la Apollo, jina lile lile la vyombo vya Marekani vilivyowapeleka watu mwezini mwaka 1969.

Vyombo hivyo vya anga havikuwa na jenereta ya dizeli. Umeme wake ulitoka katika seli za hidrojeni, ambazo ziliwapatia wasafiri maji ya kunywa pia. Mwezi Aprili 1970, tangi la oksijeni la Apollo 13 lilipasuka, na seli zikazimika kwa kukosa oksijeni. Watu watatu waliokuwamo waliokolewa kwa betri za chombo kidogo cha kutulia mwezini.

UMEME BILA MOTO

William Grove wa Wales alionyesha msingi wa kazi hii mnamo mwaka 1839. Katika seli zitumikazo magarini leo, hidrojeni hupita upande mmoja wa utando mwembamba, na oksijeni ya hewani upande wa pili. Umeme hupita katika waya, na mabaki ni maji na joto. Hapana moshi. Kwa nadharia seli moja ingetoa volti 1.23, ikiwa kazini hutoa yapata volti 0.7. Kwa hiyo seli nyingi hupangwa pamoja.

TATIZO LA GHAFLA

Kila dereva anajua kwamba taa za gari hufifia anapowasha injini. Mzigo umezidi ghafla, na volti zimeshuka. Seli ya hidrojeni nayo hupatwa na hali hiyo, lakini sehemu zake haziendi kwa mwendo mmoja. Umeme hujibu kufumba na kufumbua. Hewa, inayosukumwa na pampu, huweza kuchelewa kwa sekunde kadhaa. Joto na unyevu wa utando huchukua dakika. Oksijeni isipofika kwa wakati, seli huweza kuharibika. Utando ukikauka, umeme hupita kwa shida. Maji yakizidi, huziba njia za hewa.

Ndiyo sababu wataalamu hutengeneza kielelezo cha hesabu, yaani milinganyo inayoonyesha volti zitakavyoshuka na kupanda mzigo unapobadilika. Wanasayansi wa Chuo cha Kijeshi cha Kifalme cha Kanada walichapisha vielelezo mashuhuri vya aina hiyo katika miaka ya 1995 na 1996. Matokeo ya hesabu hulinganishwa na vipimo vya seli halisi. Kwa njia hiyo mhandisi hujua pampu iwe na nguvu gani, na betri ya kusaidia iwe kubwa kiasi gani, kabla mtu yeyote hajahatarishwa.

FUNZO KWA WAVUVI

Taa ya mvuvi hutumia umeme kidogo kwa kiasi kisichobadilika. Injini inayopambana na wimbi hutaka nguvu nyingi kwa ghafla. Chanzo kinachoitosha taa usiku kucha huenda kikashindwa na injini kwa dakika moja. Aidha, hidrojeni ya magari huwekwa katika matangi yenye mgandamizo wa takriban mara 700 ya ule wa hewa ya kawaida. Kuijaza na kuihifadhi si kazi nyepesi. Kwa taa, betri inafaa zaidi, lakini nayo hapana budi ipimwe kwa mzigo wake mkubwa kabisa, siyo kwa ule wa wastani.

TAHADHARI NYUMBANI

Betri ya gari inapochajiwa, hasa ikikaribia kujaa, nayo hutoa hidrojeni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, hupanda na kukusanyika chini ya dari, na ikifika asilimia 4 ya hewa huweza kulipuka. Kwa hiyo betri isichajiwe katika chumba kilichofungwa, wala karibu na jiko, karabai au sigara. Chaja izimwe kwanza, ndipo nyaya zitolewe, ili cheche isiruke. Watoto nao wawekwe mbali.