Mwanao Hahitaji Ukiranja

Swali huja kwa sura tofauti lakini ni lilelile: "Mtihani anafaulu, anapata tisini na kitu, ila darasani hanyooshi mkono. Nifanye nini achangamke?" Nimeulizwa kwenye vikao vya wazazi, nimeulizwa hata msibani. Jibu langu halibadiliki: usimchangamshe.

Tuanze na dawa inayopendwa kuliko zote, yaani ukiranja. Mzazi anamfuata mwalimu wa darasa: "Mwalimu, huyu mpe ukiranja aache woga." Mwalimu, kwa nia njema, anampa. Kuanzia Jumatatu mtoto wa darasa la tatu anasimama mbele na kipande cha karatasi, anaandika majina ya wapiga kelele. Wenzake wanamnunia, na wababe wanaahidi kumsubiri njiani. Haya, tukague amepata nini. Hesabu ni zilezile anazozijua tangu mwaka jana, hakuongezewa hata moja. Na kuandika majina ni kazi isiyohitaji kufungua mdomo, kwa hiyo hata huo ukimya uliodaiwa kutibiwa haukuguswa. Bado kila mwaka naletewa mtoto mwingine aliyetibiwa hivyo, na mzazi anashangaa kwa nini sasa hataki kwenda shule.

Nyuma ya dawa hiyo kuna imani kwamba anayeelewa lazima asikike. Madarasa yetu yamejengwa juu ya imani hiyo. "Tumeelewa?" "Ndiyooo!" Kelele ile haimwambii mwalimu chochote, anayeelewa na asiyeelewa wameitikia pamoja. Kisha linakuja swali, vidole vinaalika, "Mimi, mwalimu! Mimi!", na wanaochaguliwa ni walewale wa jana. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Ilikuwa kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto ambao hawakuzoea kuchangia wakaanza kuchangia. Sekunde mbili za ziada, jamani, na hazihitaji bajeti.

Simsingizii mwalimu uvivu. Tangu elimu bila ada ianze Tanzania mwaka 2016, madarasa yamefurika. Kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini mwalimu mwenye 80 hashangazi mtu. Kipindi cha dakika 40 kikigawanywa kwa watoto 80, kila mmoja anapata nusu dakika, na ubao bado haujafutwa. Nusu dakika hizo zinakwenda kwa anayelia, anayepigana na asiyejua kusoma. Mwenye vema zote hadai kitu, basi anakalishwa katikati ya watukutu wawili awapoze. Mwisho wa muhula ripoti inasema: "Mpole, ana nidhamu, aendelee hivyohivyo." Sentensi hiyo inaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kumwona mtoto huyo.

Hasara yenyewe hakuna anayeniuliza. Mtoto anamaliza zoezi mapema, muda unaobaki anachorachora nyuma ya daftari. Akiishi hivyo miaka kadhaa, siku atakayokutana na jambo gumu kwa mara ya kwanza hatajua kupambana nalo. Atadhani akili zimemwishia.

Wako ambao ushauri huu hauwahusu. Anayeongea nyumbani lakini shuleni hasemi kabisa, hata ruhusa ya kwenda chooni haombi, na hali hiyo imepita mwezi bila kuwa ugeni wa kuanza shule, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto. Anayegeuza shingo ili asikie, apimwe masikio. Aliyehamishiwa juzi shule ya mchepuo wa Kiingereza bado anaokota lugha, mpeni muda. Na tafadhali, msimkate udata mtoto wa miaka minane anayebishana vizuri tu na dada yake nyumbani.

Mwalimu: uliza, subiri, ndipo utaje jina. Wanafunzi waandike jibu kwanza, kisha wajadili wawiliwawili kabla ya kumsikiliza yeyote. Ijumaa pitia daftari la mahudhurio, uweke alama kwa kila ambaye hukumbuki mliongea nini wiki hiyo. Jumatatu anza na hao. Aliyemaliza mpe swali gumu zaidi, si kumi ya aina ileile, wala usimfanye msahihishaji wako wa kudumu.

Mzazi: acha kuuliza kama anachangamka. Uliza, "Wiki hii amejifunza nini ambacho hakuwa anakijua?" na uombe kuonyeshwa kwenye daftari. Mwalimu akikosa jibu usigombane naye, ana wengine 79. Mpe wiki mbili, kisha rudi umuulize tena.