Hesabu ya hewa ikikosa, tutafute kosa wapi?

Wengine kati yenu wanauliza: kama wenye elimu wana mashine za kuhesabu moshi wa muji, juu ya nini hesabu inakosa? Siye wa mwaka wa mwisho tunajaribu kujibu.

Hesabu hiyo, inayoitwa modeli, inataka kujua moshi unatoka wapi na ni kiasi gani, upepo unaupeleka wapi, na hewa iko na nafasi gani ya kuuchanganya. Kisha jibu linalinganishwa na kipimo. Vikiachana, haifai kuzidisha jibu mpaka lifanane na kipimo. Ni sawa na kunakili kwa mwenzako: namba inakuwa nzuri, kosa linabaki ndani.

Tuulize: kosa linakuja saa gani? Hapa Bel-Air, modeli ikionyesha moshi kidogo kuliko kipimo mangaribi tu, tutazame mbabula. Ni saa ya bukari, na umeme ukikatika kila lupango inawasha makala. Modeli iliyoandika viwanda peke yake haijui mbabula.

Kosa likikuja usiku wa manane, Juni na Julai, sababu pengine ni nyingine. Udongo unapoa mbio, hewa baridi inalala chini, ile ya joto inakaa juu kama kifuniko cha sufuria. Modeli ikiweka kifuniko juu sana, inapata moshi kidogo, na siye tunakohoa.

Likifuata upepo wa upande mmoja, kule kuna moshi ambao haukuandikwa, ao upepo ulipimwa mbali. Upepo wa uwanja wa ndege wa Luano, mahali wazi, si ule wa katikati ya nyumba zetu. Na upepo si jambo dogo! Zamani moshi wa shemine ya Gécamines, ile ya metre 153, ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki, na mpaka leo udongo wa Penga-Penga uko na shaba mingi.

Kipimo pia kinaweza kudanganya: vyombo vidogo vya mwanga vinahesabu ukungu kama vumbi.

Lakini tunaogopa zaidi makosa mawili yanayofutana. Makala imesahauliwa, kifuniko kimewekwa chini sana, basi jibu linatoka sawasawa na kila mtu anafurahi. Wakubwa watafunga kiwanda kimoja, na mtoto anayelala karibu na mbabula ataendelea kukohoa.