Kipindupindu hutuma salamu tangu kaskazi

Masika yakikolea mjini Unguja na maji yakatuama Mwanakwerekwe, wa kwanza kulaumiwa ni muuza juisi. Meza yake huondolewa barabarani, ndoo yake ya barafu ikamwagwa. Si kwamba anaonewa. Barafu ya maji machafu huambukiza kweli. Ila mkasa wenyewe ulianza zamani, kwenye kaskazi, wakati sote tukilalamikia joto huku tukinywa juisi yake.

Watafiti waliolinganisha hali ya hewa na wagonjwa wa kipindupindu Zanzibar walichapisha matokeo yao mwaka 2011. Joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, wagonjwa huongezeka maradufu miezi 4 baadaye. Mvua ikizidi kwa milimita 200, huongezeka mara 1.6 baada ya miezi 2.

Sababu mojawapo imo majini. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, anaweza kuishi bila utumbo wa mtu. Makazi yake mengine ni maji ya pwani, hasa mto unapokutana na bahari, na huko hujishikiza kwenye wadudu wa jamii ya kamba, wadogo kuliko punje ya mchele. Maji yakipata joto, mwani mdogo usioonekana kwa macho hustawi, wadudu wanaoula huzaana, na abiria wao nao huongezeka. Mwanasayansi Rita Colwell na wenzake walilitumia jambo hili Bangladesh: akina mama walichuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa tabaka kadhaa, na wagonjwa wakapungua kwa karibu nusu. Bakteria aliye peke yake hupenya kitambaa bila shida. Anayenaswa ni yule aliyepanda mdudu. (Kanga isikudanganye uache kuchemsha.)

Nchi kavu, mvua humalizia kazi. Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na karo la choo likiwa jirani na kisima, mafuriko huvichanganya. Ukame nao una yake: mtaa mzima hugombea kisima kimoja, na maji ya kunawa mikono huwa ya mwisho kukumbukwa.

Mwaka 1997, El Niño ilipoingia na mvua zake, Tanzania iliripoti wagonjwa zaidi ya 40,000 na vifo zaidi ya 2,000. Tangu hapo Bahari ya Hindi imezidi kupata joto.

Miezi 4 si haba. Januari ikichoma kuliko kawaida, klorini iagizwe, na gari la kunyonya maji taka lianze kupita mitaani Februari. Likisubiri Aprili, litakwama dimbwini.