Mshipa Upi Unaouma?

Thongpiny, mtaa ambao wengine huuandika Tomping, umepakana na uwanja wa ndege wa Juba. Hapo Kiswahili cha madereva, mafundi na wapishi waliotoka Uganda, Kenya na Kongo kimezoeana na Kiarabu cha Juba, Kidinka na Kibari. Chukua dereva wa lori aliyefika jana akitokea Nimule. Anaingia zahanati akichechemea, anashika shavu la mguu: "Daktari, mshipa umenivuta."

Kwake yeye ameshasema yote. Kwa daktari, mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza, maana katika Kiswahili cha kila siku mshipa ni ateri, ni vena, ni neva, ni kano inayofunga msuli kwenye mfupa, na mara nyingi ni msuli wenyewe. Hata ngiri huitwa mshipa. Kuhamia Kiarabu hakusaidii sana: irig ya Wasudani ni mshipa wa damu, na ni mzizi wa mti pia.

Vitabu vya biolojia vimetenganisha majina haya vizuri, nami navipenda kwa hilo. Lakini kumtaka mgonjwa aliyeumia achague kati ya neva na kano ni kumwonea. Kinachotofautisha maumivu haya kwake ni kitenzi, na vitenzi tunavyo tele.

Msuli hukaza. Shavu la mguu hujikunja ghafla likawa gumu kama jiwe, kisha ukiunyoosha mguu na kuvuta vidole kuelekea gotini, linaachia. Neva huchoma na kutia ganzi: maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita takoni, yanashuka mpaka unyayoni, na mahali pengine mtu hahisi akiguswa. Kano huuma inapotumiwa. Ile kubwa ya nyuma ya kisigino humshika mtu asubuhi anapokanyaga chini. Vena iliyoziba kwa damu iliyoganda huvimbisha mguu, kwa kawaida mmoja tu, nao ukawa na joto.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya nisisitize. Dereva amekaa kitini saa nyingi bila kunyoosha miguu, na kukaa hivyo huongeza hatari ya damu kuganda. Akiambiwa ni mshipa tu, ndugu zake watafanya wanalolijua: mafuta ya moto na kuchua. Msuli uliokaza hufurahia kuchuliwa. Damu iliyoganda ikichuliwa yaweza kumeguka, ikasafiri hadi mapafuni, na mtu akafa. Kwa hiyo kabla ya mkono wowote kugusa mguu ule, aulizwe: umevimba? Ni mmoja au yote miwili? Pumzi inakata?

Kuna ugonjwa mmoja ambao kitenzi chake ni muhimu kuliko jina. Sudan Kusini imo katika orodha fupi ya nchi ambazo pepopunda ya wazazi na watoto wachanga haijatangazwa kukomeshwa. Vijidudu vyake huingia, kwa mtoto, kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu au kupakwa kitu kisicho safi. Sumu yao huzuia zile ishara za neva zinazouambia msuli ulegee, kwa hiyo msuli unabaki kukaza tu. Misuli ni mizima. Amri ya kupumzika ndiyo haifiki.

Mama hatakuja na maelezo hayo. Atasema mtoto amekakamaa, au haachami. Kinachopaswa kumshtua mhudumu ni mfuatano: mtoto alizaliwa akalia vizuri, akanyonya siku mbili za mwanzo, halafu kati ya siku ya 3 na ya 28 akashindwa kunyonya, taya likafunga, mgongo ukapinda kila anaposhikwa au kelele inapotokea. Mtoto ambaye hakunyonya tangu azaliwe huenda ana tatizo lingine. Ndiyo maana swali la kwanza, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote ambayo mama anaielewa, liwe: "Mama, juzi alikuwa ananyonya?" Akijibu ndiyo, mtoto apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na mama mwenyewe aulizwe kama alichomwa chanjo ya pepopunda alipokuwa mjamzito.