Sweden: Pakiti ya chakula inaposema "ni nzuri kwa afya"

Ni nadra kukuta pakiti isiyojisifu katika rafu za maduka ya vyakula mjini Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Uji wa shayiri unadaiwa kupunguza lehemu katika damu, maji ya matunda yanadaiwa kuimarisha kinga ya mwili, biskuti hazina sukari iliyoongezwa, na mtindi unaitwa "mwepesi".

Baadhi ya maneno hayo yamepimwa na wanasayansi na kuthibitishwa. Mengine ni kweli, lakini yamepangwa kwa namna inayomfanya mnunuzi aamini jambo lisilokuwamo. Na yapo yaliyo kinyume cha sheria.

Kwa wahamiaji wenye asili ya Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, ambao wengi wanaishi katika vitongoji kama Rinkeby na Tensta, suala hili lina uzito wa pekee. Maandishi ni ya Kiswidi, vyakula vingi ni vigeni kwao, na nyumbani huenda kuna mzazi mwenye kisukari au shinikizo la damu anayechaguliwa chakula kwa kutegemea maneno yaliyo mbele ya pakiti.

Sheria inasema nini?

Sweden ilianza mapema kulishughulikia jambo hili. Mwaka 1990 wenye viwanda vya chakula nchini humo walijiwekea kanuni kuhusu uhusiano wa chakula na maradhi wanaoruhusiwa kuutaja katika matangazo.

Tangu Julai 1 mwaka 2007, Sweden inafuata kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 1924 ya mwaka 2006. Msingi wake ni kwamba dai la afya haliruhusiwi mpaka liwe limeidhinishwa. Ushahidi hupimwa na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, yenye makao yake Parma, Italia, na uamuzi wa mwisho hutolewa na Tume ya Ulaya.

Nchi wanachama ziliwasilisha madai yapatayo 44,000. Baada ya yale yaliyofanana kuunganishwa, yalibaki kiasi cha 4,600. Orodha iliyotolewa mwaka 2012 iliidhinisha madai 222 tu.

Mengi ya yaliyobaki yalikataliwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Hata hivyo, zaidi ya madai 2,000 yanayohusu mimea na majani ya dawa yaliwekwa kando bila kuamuliwa. Ndiyo maana pakiti za chai ya mitishamba bado zinaweza kuonekana na sifa ambazo hazijapitia mizani hiyo.

Aidha, kuna maneno yasiyoruhusiwa hata kidogo. Chakula cha kawaida hakiwezi kudaiwa kuzuia wala kuponya ugonjwa. Ni marufuku kutaja kilo ambazo mtu atapungua kwa kukila, kumtumia daktari fulani kama shahidi wa ubora wake, au kudokeza kwamba asiyekila atadhurika.

Kweli yenye masharti

Mfano mzuri wa dai lililoidhinishwa ni lile la shayiri. Nafaka hiyo ina aina ya unyuzinyuzi iitwayo betaglukani, ambayo imethibitika kupunguza lehemu, yaani kolesteroli, katika damu.

Lakini dai hilo lina kipimo. Faida hupatikana kwa kula gramu 3 za betaglukani kila siku, na mnunuzi lazima aelezwe hivyo. Biskuti yenye chembe chache za shayiri na sukari nyingi haifanyi kazi hiyo, hata kama picha ya masuke imechukua nusu ya pakiti. Wala mgonjwa aliyeandikiwa dawa ya kupunguza lehemu hapaswi kuiacha kwa sababu ya uji.

Kweli inayopotosha

Madai yanayomchanganya zaidi mnunuzi mara nyingi si ya uongo. Chupa za mafuta ya kupikia, hasa Afrika Mashariki, huandikwa kwa herufi kubwa kwamba hazina kolesteroli. Hiyo ni kweli, lakini ni kweli kwa mafuta yote ya mimea, kwani kolesteroli hutoka kwa wanyama.

Kinachofichwa na sifa hiyo ni aina ya mafuta yenyewe. Takriban nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta yaliyoshiba, ambayo yakizidi huongeza kolesteroli mwilini. Mnunuzi analipia sifa ambayo hata chupa ya jirani inayo, na jambo linalohusu moyo wake halikutajwa.

Maneno "bila sukari iliyoongezwa" ni ya namna hiyo hiyo. Maji halisi ya matunda kwa kawaida yana sukari ya asili kiasi cha gramu 10 katika kila mililita 100. Bilauri ya mililita 250 basi ina gramu 25 hivi, sawa na vijiko sita vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linahesabu sukari hiyo pamoja na ile ya kutiwa kwa kijiko, na linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 kwa siku.

Neno "lätt", yaani chepesi, lina maana kwamba kiwango cha kitu fulani, mathalan mafuta, kimepunguzwa kwa angalau asilimia 30. Jibini yenye gramu 30 za mafuta ikipunguzwa hadi gramu 21 inaweza kuitwa nyepesi, ilhali bado ina mafuta mengi.

Kuna pia pengo ndani ya sheria yenyewe. Kanuni ya Ulaya iliagiza kwamba ifikapo Januari 2009 viwekwe viwango vya sukari, chumvi na mafuta, ili chakula kinachovipita kisijipambe kwa madai ya afya. Viwango hivyo havikupitishwa. Kwa hiyo kinywaji kilichojaa sukari kinaweza kutiwa vitamini C kidogo na kusifiwa kwa vitamini hiyo.

Hata hivyo, Tume ya Ulaya imewahi kukataa dai lenye ushahidi. Mwaka 2015 ilikataa kampuni ya Kijerumani Dextro Energy isiandike kwamba glukosi huchangia mwili kupata nguvu. Tume haikubisha sayansi hiyo, bali ilisema dai hilo lingewahimiza watu kula sukari wakati wanashauriwa kuipunguza. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliunga mkono uamuzi huo mwaka 2017.

Kesi mjini Stockholm

Migogoro ya matangazo ya biashara nchini Sweden huamuliwa mjini Stockholm. Hadi mwaka 2016 ilisikilizwa na Mahakama ya Soko, na tangu hapo inasikilizwa na Mahakama ya Hataza na Soko.

Kesi iliyovuma zaidi ilihusu maziwa. Chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, LRF Mjölk, kiliishitaki kampuni ya Oatly, inayotengeneza kinywaji cha shayiri. Mwaka 2015 mahakama iliizuia Oatly kutumia baadhi ya maneno yake ya matangazo, kwa kuwa yaliwafanya wanunuzi waone kwamba maziwa ya ng'ombe si mazuri kwa afya.

Kesi hiyo ilionyesha kwamba anayeuza chakula anaweza kumpotosha mnunuzi bila kukisifu chakula chake, kwa kukitia doa cha mwenzake.

Alama ya tundu la ufunguo

Idara ya Taifa ya Chakula ya Sweden, Livsmedelsverket, ilianzisha mwaka 1989 alama ya kumsaidia mnunuzi asiye na muda wa kusoma. Inaitwa Nyckelhålet, yaani tundu la ufunguo, na kwa kawaida ni nyeupe ndani ya duara la kijani. Tangu mwaka 2009 inatumika pia Norway na Denmark.

Chakula chenye alama hiyo kina sukari na chumvi kidogo zaidi, mafuta bora zaidi, au nafaka isiyokobolewa na unyuzinyuzi mwingi zaidi kuliko vingine vya aina yake. Soda na peremende hazipewi.

Ikumbukwe kwamba alama hiyo hulinganisha chakula na vyakula vya kundi lake. Piza yenye tundu la ufunguo ni afadhali kuliko piza nyingine, lakini haiwi mboga.

Hali ya Afrika Mashariki

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina viwango vya pamoja vya maandishi ya pakiti. Dunia nayo ina mwongozo wa Codex Alimentarius wa mwaka 1997 kuhusu madai ya lishe na afya. Usimamizi uko mikononi mwa mashirika ya viwango: KEBS nchini Kenya, UNBS nchini Uganda, na TBS nchini Tanzania, ambalo lilikabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019.

Kenya ilipitisha mwaka 2012 sheria ya kudhibiti biashara ya vyakula mbadala wa maziwa ya mama. Hapa dai la uongo lina gharama kubwa kuliko kwingine: mama akiaminishwa kwamba maziwa ya kopo ni bora kuliko yake, mtoto hupoteza kinga, na pale maji yasipokuwa safi huweza kupoteza maisha.

Ugumu ni kwamba bidhaa nyingi huuzwa sokoni na mitandaoni bila kupita kwa mkaguzi. Nyingine husafiri ndani ya masanduku ya jamaa waliotoka ng'ambo, na kuaminiwa kwa sababu tu zimetoka Ulaya.

Namna ya kuisoma pakiti

Wataalamu wa lishe hushauri kuigeuza pakiti na kuanzia nyuma. Orodha ya viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, maneno ya mbele hayabadilishi kitu.

Vyakula vilinganishwe kwa safu ya gramu 100, kwani kipimo cha "mlo mmoja" huamuliwa na mtengenezaji. Kwa chakula kisicho kinywaji, sukari isiyozidi gramu 5 katika gramu 100 huhesabiwa kuwa kidogo. Kwa Kiswidi, "socker" ni sukari, "salt" ni chumvi, "mättat fett" ni mafuta yaliyoshiba na "fibrer" ni unyuzinyuzi. Penye kiwango cha sodiamu badala ya chumvi, kizidishwe kwa 2.5 ili kupata chumvi.

Mkazi wa Stockholm anayeshuku maandishi ya pakiti anaweza kuiarifu idara ya mazingira ya jiji, ambayo ndiyo hukagua maduka ya vyakula. Na yule anayefikiria kubadili dawa kwa sababu ya chakula alichokiona dukani anaweza kwanza kumuuliza muuguzi, kwa kupiga simu ya ushauri wa afya nambari 1177.